Mtu Aliyegeuka Mnyama: Filamu ya Mwaka 1956 na Ugonjwa wa Kweli

Hofu ya kwamba mtu aweza kugeuka mnyama ni ya kale, wala haina taifa. Ulaya ilikuwa na hadithi za watu waliogeuka mbwa mwitu. Ethiopia ina masimulizi ya watu wanaogeuka fisi. Katika Uwanda wa Kati wa Tanzania, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Singida, wazee wamesimulia habari za wachawi wasafirio usiku juu ya migongo ya fisi, na za watu waliovaa ngozi ya simba ili waue. Katika karne ya 20 hofu hii ilipata chombo kipya cha kuieneza, nacho ni sinema. Katikati ya karne hiyo ilipata pia maelezo mapya: mahali pa laana na uganga pakawekwa maabara, sindano na nguvu za atomiki.

Mfano ulio wazi ni filamu ya Kimarekani iitwayo The Werewolf, yaani Mtu-Mbwamwitu, iliyotolewa mwaka 1956. Ni filamu fupi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, na haikuhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa. Hata hivyo yastahili kuchunguzwa na yeyote apendaye sayansi, kwa kuwa inaonyesha jinsi jina la sayansi linavyoweza kuvikwa vazi la uchawi. Zaidi ya hayo, upo ugonjwa wa kweli unaofanana mno na kisa chake, na ugonjwa huo ungali unaua watu Tanzania. Tofauti iliyopo ni hii: katika filamu sindano ndiyo iletayo balaa, katika maisha, sindano ndiyo iokoayo.

FILAMU YA GHARAMA NDOGO

The Werewolf ilitayarishwa na Sam Katzman kwa ajili ya kampuni ya Columbia. Katzman alikuwa na sifa ya kutengeneza filamu upesi na kwa gharama ndogo kadiri iwezekanavyo. Mwelekezaji alikuwa Fred F. Sears, ambaye mwaka huo huo wa 1956 alielekeza pia filamu ya muziki Rock Around the Clock na ile ya vyombo vya angani Earth vs. the Flying Saucers. Filamu hii ya mwisho ilionyeshwa pamoja na The Werewolf katika kikao kimoja, watazamaji wakilipa kiingilio kimoja kwa filamu mbili. Sehemu kubwa ya picha zilipigwa nje, katika milima yenye misonobari na theluji huko Big Bear Lake, California. Picha zote ni za rangi nyeusi na nyeupe.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mtu aitwaye Duncan Marsh, ambaye mchezaji wake ni Steven Ritch, anaingia katika mji mdogo wa milimani asijue yeye ni nani wala ametoka wapi. Usiku ule mtu mmoja anamfuata ili amnyang'anye fedha, naye anauawa kwa meno na makucha. Baadaye inadhihirika kwamba Marsh alipata ajali ya gari, akatibiwa na madaktari wawili ambao, badala ya kumtibu tu, walimdunga seramu waliyoitoa katika damu ya mbwa mwitu aliyepata mnururisho wa atomiki. Madaktari hao wanaamini kwamba vita vya nyuklia vitaiangamiza dunia, na wanatafuta dawa ya kumkinga binadamu. Marsh, mume na baba wa mtoto mmoja, amekuwa mnyama wao wa majaribio bila ya kuulizwa.

Tangu hapo, kila anapoogofywa au kuonewa, anaota manyoya na meno. Mkewe na mwanawe wanafika kumsihi ajisalimishe. Madaktari nao wanafika, lakini kwa nia ya kumwua ili siri isitoke. Mwishowe wao wenyewe wanauawa na kiumbe walichokitengeneza, naye Marsh anawindwa na watu wa mji na kupigwa risasi. Risasi hizo ni za kawaida. Hazikuwa za fedha kama zile za hadithi za kale.

Mabadiliko ya uso, ambayo watazamaji wa wakati ule waliyastaajabia, yalifanywa kwa mbinu nyepesi. Mchezaji hutulia asitikisike. Hupakwa rangi na kubandikwa manyoya machache, akapigwa picha. Huongezewa mengine, akapigwa tena. Kisha vipande hivyo huunganishwa kwa kufifiza picha moja ndani ya nyingine. Kwa kuwa sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, jicho la mtazamaji huziona picha hizo zilizotengana kana kwamba ni mwendo mmoja usiokatika.

Ieleweke pia kwamba mbwa mwitu atajwaye hapa siye yule mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano anayepatikana katika mbuga za Ruaha na Nyerere. Yule wa Tanzania ni jamii nyingine, ambayo wanasayansi huiita Lycaon pictus. Mbwa mwitu wa filamu ni Canis lupus, mnyama wa nchi za baridi za kaskazini, ambaye ndiye mzee wa mbwa wote wanaofugwa duniani, akiwamo mbwa wa kienyeji alindaye zizi la Mgogo.

LAANA YAGEUKA SERAMU

Katika filamu zilizotangulia, kama The Wolf Man ya mwaka 1941, mtu aligeuka kwa sababu ya laana au kwa kuumwa na mtu mwingine aliyekwisha kulaaniwa. Filamu za aina hiyo ndizo zilizoeneza duniani habari ya mwezi mpevu kama saa ya mageuzi. The Werewolf iliyaondoa hayo yote. Haina mwezi, haina laana, haina mganga. Mageuzi yanaweza kutukia hata mchana kweupe. Mwaka uliofuata, 1957, filamu nyingine ya gharama ndogo, I Was a Teenage Werewolf, ilifuata njia iyo hiyo: kijana aligeuzwa na daktari wa akili kwa dawa na kwa kulazwa usingizi wa maneno.

Kwa nini hofu ilihama kutoka kwa mchawi kwenda kwa mwanasayansi? Jibu limo katika habari za miaka ile. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, baharini Pasifiki. Vumbi lake lenye sumu ya mnururisho liliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa mbali na mahali hapo, na mmoja wao akafa mwaka huo huo. Mwaka 1955 chanjo ya polio ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa inafaa, na wazazi wakafurahi. Lakini mnamo majuma machache ikagundulika kwamba baadhi ya chupa zilizotengenezwa na maabara moja zilikuwa na virusi hai. Watoto wapatao 200 wakapooza na 10 wakafa. Kosa lilisahihishwa, usimamizi ukaimarishwa, na chanjo hiyo imeokoa watoto wasiohesabika. Hata hivyo, mtu aliyekwenda kuitazama filamu mwaka 1956 alikuwa na sababu ya kuuliza: ni nini kilichomo ndani ya sindano hii, na ni nani aliyeidhinisha?

Swali hilo ni halali. Kosa kubwa la madaktari wa filamu si kushika sindano, bali ni kumdunga mtu bila ya idhini yake na kuificha habari. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na hukumu ya madaktari wa Ujerumani waliowatesa wafungwa kwa jina la utafiti, zilikwisha kutamka kwamba idhini ya hiari ya mtu ni sharti la kwanza la jaribio lolote juu ya mwili wa binadamu. Kuhusu hili filamu ilisema kweli.

Kuhusu mambo ya mwili, hata hivyo, filamu haikusema kweli. Mnururisho mkali huvunja-vunja nyuzi za urithi zilizomo ndani ya chembe hai, na kwa hiyo huua chembe hizo au huleta saratani baadaye. Haumpi mtu umbo la mnyama mwingine, kama vile moto unaounguza kitabu usivyoweza kukigeuza kuwa kitabu kingine. Nayo seramu ni maji ya damu yaliyobaki baada ya damu kuganda na chembe zake kuondolewa. Haibebi maagizo ya kujenga manyoya wala meno. Kilicho muhimu ndani yake ni kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana na ugonjwa au sumu fulani.

Tangu mwaka 1890, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipoonyesha kwamba seramu ya mnyama aliyekingwa yaweza kumkinga mwingine dhidi ya pepopunda na dondakoo, watu wengi mno wamedungwa seramu ya farasi. Dawa ya sumu ya nyoka, ambayo mtu aliyeumwa na koboko au kifutu huihitaji, nayo hutengenezwa kwa kawaida kutokana na damu ya farasi. Wako waliopata madhara ya mzio. Hajapata kuonekana hata mmoja aliyelia kama farasi.

Hofu hiyo, hata hivyo, ni ya zamani kuliko sinema. Edward Jenner alipoanza kuwachanja watu kwa maji ya ndui ya ng'ombe ili wasiugue ndui ya binadamu, mchoraji James Gillray alichora mwaka 1802 katuni ya Waingereza waliochanjwa wakiota ng'ombe wadogo puani, mikononi na mapajani. Watu walicheka, na wengine waliamini. Lakini ilikuwa ni chanjo iliyotokana na kazi hiyo iliyoifuta ndui duniani: mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha.

MBWA MWITU WA KWELI, SERAMU YA KWELI

Jambo la kushangaza ni kwamba, miaka miwili kabla ya filamu kutolewa, kilikuwapo kisa cha kweli cha mbwa mwitu na seramu. Mwezi Agosti 1954, mbwa mwitu mwenye kichaa aliingia katika kijiji cha Sahneh, nchini Iran, akawauma watu 29 katika usiku mmoja. Wengi walijeruhiwa kichwani na usoni, yaani mahali pa hatari kupita pote. Walipelekwa Tehran, katika Taasisi ya Pasteur, ambako Marcel Baltazard na Mahmoud Bahmanyar walikuwa tayari kuijaribu tiba mpya: pamoja na chanjo ya kawaida, kutoa seramu yenye kingamwili za kichaa cha mbwa.

Kati ya watu 18 waliokuwa na majeraha ya kichwani, watano walipewa chanjo peke yake. Watatu kati yao wakafa. Wengine 13 walipewa seramu pamoja na chanjo; akafa mmoja. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1955, na tangu hapo seramu ikaingizwa katika tiba ya majeraha makubwa ya kuumwa na wanyama wenye kichaa duniani kote. Hivyo basi, wakati watengenezaji wa filamu walipokuwa wakiiandaa hadithi ya seramu imgeuzayo mtu mnyama, seramu ya kweli ilikuwa imekwisha kuwaokoa watu wa Sahneh wasife kifo cha mnyama.

Njia hiyo ilifunguliwa na Louis Pasteur. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyeumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa, alianza kudungwa dawa iliyotokana na uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, uliokaushwa hadi nguvu za maradhi zikapungua. Mtoto alipona. Mwezi Machi 1886 wakaja wakulima 19 wa Urusi kutoka Smolensk, walioumwa na mbwa mwitu. Walikuwa wamesafiri siku nyingi, na baadhi yao walikuwa wamejeruhiwa vibaya. Watatu walifariki, 16 walirudi makwao wazima.

UGONJWA UNAOMBADILISHA MTU

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi ambao hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Anapouma, virusi huingia katika jeraha. Havisafiri kwa damu, bali hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu, mpaka vifike katika ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Yaweza kuwa juma moja, au hata mwaka. Jeraha likiwa karibu na kichwa, safari huwa fupi.

Virusi vikiisha kufika katika ubongo, mgonjwa hubadilika. Huwa na wasiwasi, husumbuka, hukosa usingizi, na wakati mwingine huwa mkali kwa wale awapendao. Mate hujaa kinywani kwa sababu koo hukaza na hawezi kumeza. Akiletewa kikombe cha maji, koo hukaza zaidi kwa maumivu, hata kuyaona maji tu kukamtia hofu. Baina ya vipindi hivyo akili humrudia, akawatambua nduguze. Baada ya siku chache hufa. Ugonjwa ukiisha kujitokeza, karibu hapana anayepona.

Mtu aliyeumwa na mnyama, akakaa mzima kwa majuma mengi, kisha ghafula akaota ukali na kutokwa na mate: je, ni ajabu kwamba watu wa kale walisema kuwa mnyama ameingia ndani yake? Mwaka 1998 daktari Mhispania wa magonjwa ya ubongo, Juan Gómez-Alonso, alieleza jinsi dalili za kichaa cha mbwa zinavyolingana na hadithi za Ulaya za wafu wanyonyao damu. Wengine wametafuta maelezo penginepo. Mwaka 1964 daktari Lee Illis alidokeza ugonjwa wa porfiria, unaoharibu ngozi ipigwapo na mwanga, kuwa chanzo cha hadithi za watu-mbwamwitu. Hapana uthibitisho kwamba hadithi zote zilitoka katika chanzo kimoja. Hata hivyo, katika magonjwa yote yaliyotajwa, kichaa cha mbwa peke yake ndicho kipitacho kwa meno.

WATU-SIMBA NA MWEZI MPEVU

Uwanda wa Kati wa Tanzania umepata kulipia kwa damu swali la nani ni mtu na nani ni mnyama. Mwaka 1920, na tena baina ya 1946 na 1948, wilaya ya Singida ilikumbwa na vifo vya watu walioonekana kana kwamba wameraruliwa na simba. Uvumi ulisema kwamba wako watu wageukao simba. Uchunguzi wa serikali ya kikoloni ulifikia uamuzi kwamba nyuma ya makucha walikuwapo binadamu waliovaa ngozi na kushika silaha, na baadhi ya washtakiwa walihukumiwa kifo. Jambo hilo liliendelea kujadiliwa, A. W. Wyatt aliliandika mwaka 1950, na mwanaanthropolojia Harold Schneider akalipima upya mwaka 1962.

Katika miaka iyo hiyo, upande wa Njombe, watu waliuawa kwa muda mrefu, na huko pia wengi waliamini kwamba wauaji walitumwa na mchawi. Lakini wauaji wa Njombe walikuwa simba wa kweli, ambao mhifadhi wa wanyama George Rushby na askari wake waliwawinda mpaka mwaka 1947. Uvumi ulikuwa mmoja, wauaji wawili tofauti. Asiyechunguza jeraha, nyayo na mahali pa tukio asingeweza kuwatofautisha, na aliyekosea angemnyonga asiye na hatia au angemwacha simba aendelee kuua.

Uvumi usiochunguzwa huua pia. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipoenea visiwani Zanzibar, mgonjwa wa akili mmoja aliuawa na umati uliodhani kwamba yeye ndiye kiumbe chenyewe.

Hata imani juu ya mwezi mpevu ina chembe ya ukweli, ingawa si ile ya sinema. Craig Packer na wenzake, akiwamo Mtanzania Dennis Ikanda, walikusanya habari za mashambulio zaidi ya 1,000 ya simba dhidi ya watu, yaliyotukia Tanzania baina ya 1988 na 2009, hasa katika sehemu za kusini mashariki. Mwaka 2011 walionyesha kwamba mashambulio huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake yaeleweka. Mwezi mpevu huchomoza karibu na kuzama kwa jua, na usiku wote huwa mweupe. Simba hupata shida kuwinda. Kila siku ifuatayo mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika zipatazo 50, ikabaki saa ya giza jioni, wakati watu wangali nje. Simba mwenye njaa huitumia saa hiyo. Basi mtu aliyeuona mwezi mpevu akasema kwamba hatari inakuja hakukosea. Alichokosea ni kudhani kwamba mwezi ndio umgeuzao mtu.

KIBAIGWA NA MBWA WAKE

Kibaigwa ni mji wa wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, unaojulikana nchini kote kwa soko lake la mahindi. Malori huingia na kutoka, wakulima hushusha magunia, wafugaji hupita na mifugo yao. Penye watu wengi, nafaka na mazizi, pana mbwa pia: wapo walinzi wa boma, wapo waongozao mbuzi, na wapo wasio na mwenyewe watafutao makombo. Hakuna mbwa mwitu wa kaskazini huko, wala hahitajiki. Zaidi ya asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa duniani hukipata kwa mbwa wafugwao.

Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walifanya hesabu kutokana na idadi ya watu walioumwa na mbwa, wakakadiria kwamba Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, ilhali vifo vilivyoandikwa katika taarifa rasmi vilikuwa wastani wa 11 tu kwa mwaka. Wengine hufia nyumbani. Wengine hudhaniwa kuwa wana malaria ya kichwani. Wengine, kwa sababu ya ukali wao na hofu yao ya maji, husemwa kuwa wamerogwa au wameingiliwa na pepo. Kwa dunia nzima makadirio ya mwaka 2015 yalikuwa watu 59,000 kwa mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na watoto wakiwa sehemu kubwa.

Hapa ndipo hadithi ya mtu-mnyama inapoacha kuwa burudani. Familia ikiamini kwamba kilichompata mtoto ni uchawi, itamtafuta mchawi. Ikiogopa sindano kwa sababu ya uvumi, itakawia nyumbani. Virusi navyo havikawii. Kila siku hupanda hatua moja kuelekea kwenye ubongo. Lakini polepole hiyo hiyo ya virusi ndiyo inayompa binadamu nafasi: chanjo ikitolewa mapema, kingamwili hutangulia kufika.

YAPASAYO KUFANYWA

Mtu akiumwa, akiparuzwa au akilambwa penye kidonda na mnyama anayeshukiwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Tendo hili lisilohitaji fedha huondoa au huua virusi vingi kabla havijaingia katika mishipa. Lisipakwe pilipili, majivu, wala mafuta ya taa. Kisha mtu apelekwe kituo cha afya au hospitali siku iyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, na hata kama mbwa anajulikana mwenyewe. Mhudumu ataamua juu ya chanjo, na kwa majeraha makubwa juu ya kingamwili zinazodungwa kandokando ya jeraha. Mfululizo wa sindano umalizwe wote. Anayeacha katikati amejiacha bila kinga.

Wako wanaoogopa kwa kukumbuka sindano nyingi za tumboni walizodungwa wazee. Chanjo za namna ile zilitokana na ubongo na mishipa ya wanyama, na Shirika la Afya Duniani halizikubali tena. Chanjo za sasa hukuzwa katika chembe hai maabarani. Ni safi zaidi, ni chache, na hudungwa mkononi.

Mbwa anayeuma bila kuchokozwa, anayebadilika sauti, anayetokwa na mate na kulegea taya, au mbwa wa mwituni na fisi asiyewaogopa watu mchana, atolewe habari kwa ofisa mifugo. Mbwa mzima aliyemwuma mtu, iwapo aweza kufungwa bila hatari, aangaliwe kwa siku kumi. Akiwa na virusi mateni wakati alipouma, ataugua au kufa ndani ya siku hizo. Kuangalia huku kusimcheleweshe mtu kwenda hospitali.

Lililo kubwa kupita yote ni kuwachanja mbwa wenyewe. Uzoefu wa nchi nyingi umeonyesha kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hukatika. Sindano moja kwa mbwa mmoja wa boma ni kinga ya nyumba nzima. Mashirika ya kimataifa ya afya ya watu na ya wanyama yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu afaye kwa ugonjwa huu kutokana na mbwa, na kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa kuwa siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Duncan Marsh wa filamu hakuwa na njia ya kurudi utuni, kwa kuwa watunzi wake hawakumpa dawa. Mtoto aliyeumwa na mbwa karibu na soko la Kibaigwa anayo njia hiyo. Inaanzia kwenye kipande cha sabuni na ndoo ya maji, inapita kituo cha afya, na muda wa kuifuata ni kabla virusi havijafika ubongoni.